Bwana Yuko Tunduma: Ushauri kwa Nyumba za Madereva wa Malori

Hazipiti siku chache bila mtu kunisimamisha Darajani au kunigongea mlango hapa Mkunazini, na swali ni lile lile: "Mume wangu kapata lori Dar, la Kongo. Sasa tutaishije?" Wengine ni wakwe wenye wasiwasi na mtoto wao. Wengine ni madereva wenyewe, wanaozunguka kwanza kwenye habari za mvua na bei ya samaki kabla hawajasema kilichowaleta. Wananiuliza mimi kwa kuwa bwana wangu aliendesha malori ya masafa miaka kumi na saba na ndoa yetu ipo mpaka leo, ingawa mara mbili ilifika pahala wazee wakaitwa. Nayaandika hapa ili nisiyarudie tena njiani na kapu la samaki mkononi.

Kisiwa chetu cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Dereva akitoka Nungwi asubuhi, chakula cha mchana anakila Makunduchi na bado anapata kulala kidogo. Malori ya hapa hubeba mchanga, mawe na makontena, na magharibi dereva yuko kwake. Anayetaka safari ndefu lazima avuke bahari. Kwa hiyo mke wa dereva wa Unguja ana umbali wa aina mbili. Mwenzake wa Mbagala, lori likiingia yadi usiku, mume analala nyumbani. Wako analala ndani ya kichwa cha lori Kurasini akisubiri boti ya asubuhi, na mara nyingine tajiri anampigia simu ya mzigo mpya kabla hajakata tiketi.

Ijueni safari yenyewe

Kosa la kwanza la wake, na mimi nililifanya mwaka mzima, ni kuchukua kilomita na kuzigawa kwa mwendo wa gari. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900: Chalinze, Morogoro, mbuga ya Mikumi ambamo haruhusiwi kukimbia kwa ajili ya wanyama, mlima wa Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya. Njiani kuna mizani ya Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba. Kisha anavuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia yote mpaka Kasumbalesa, ndipo Lubumbashi. Kwenda tu ni karibu kilomita 2,000.

Ukiigawa hiyo utapata siku nne au tano. Haiwi. Siku haziliwi na barabara, zinaliwa na kusimama: kusubiri karatasi, foleni ya mpaka, kusubiri kushusha, kusubiri mzigo wa kurudi. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja cha forodha na mambo yamepungua ugumu, lakini foleni haijahama. Na mpaka unaweza kufungwa kabisa. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ilifunga ule wa Nakonde, na sisi tuliokuwa na watu wetu kule tulijifunza kupika kwa mkono mdogo.

Bibi yangu mzaa mama aliolewa na baharia wa jahazi. Hakuwa na simu, lakini alikuwa na kaskazi na kusi. Upepo ukigeuka alijua mwezi gani atandike kitanda. Lori halina msimu. Ndiyo maana nawaambia muache kuuliza "utarudi lini?" Hilo swali linamlazimisha mtu aseme uongo wa heri, akupe Ijumaa ambayo hata yeye haijui. Ijumaa ikipita, umeshakasirika. Ulizeni yuko hatua gani. Sisi tulikuwa na hatua sita, zimeandikwa kwa kalamu ubavuni mwa friji:

1. Kapakia, anasubiri karatasi.
2. Katoka Dar.
3. Yuko kwenye foleni ya mpaka.
4. Kavuka.
5. Kashusha.
6. Ana mzigo wa kurudi, au anarudi mtupu.

Mtoto wa miaka sita anazielewa. Na wewe utazoea: kutoka hatua ya tano kwenda ya sita kunaweza kuchukua siku mbili au kumi, usipange harusi hapo katikati. Kumbukeni pia kwamba Zambia na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukimpigia saa kumi na moja alfajiri ukashangaa anajibu kwa sauti ya usingizi, kwake ni saa kumi.

Posho si mshahara

Hapa chukueni muda, maana nyumba nyingi ninazoletewa zimeanza kuchanika hapa.

Dereva wa masafa hupewa posho ya safari kabla hajaondoka. Ni fedha ya njiani: chakula chake, maegesho, pancha na vijisababu vya barabarani. Mshahara ni kitu kingine, unakuja mwisho wa mwezi. Sasa bwana anapita nyumbani na posho mfukoni, fedha nyingi kwa macho, na mtoto anadaiwa ada, na gesi imekwisha, na wifi ana shughuli. Inaliwa nusu. Dereva anaondoka na kilichobaki. Akifika Mbeya hana kitu, na chini yake kuna tanki la dizeli la tajiri. Mnajua kinachofuata. Akianza na lita ishirini, haishii ishirini. Wako waliopoteza kazi kwa hilo, na wako waliolala mahabusu nchi ya watu. Mke anayetaka posho yote iachwe nyumbani anamsukuma mumewe kwenye dizeli, hata kama hajui.

Tulivyofanya sisi, baada ya kuumia:

- Posho haiingii ndani ya nyumba. Akipata, inabaki Dar kwenye simu yake, laini ambayo siijui namba ya siri wala sitaki kuijua.
- Matumizi ya nyumba yanatoka kwenye mshahara, tarehe moja kila mwezi, hata awe Kasumbalesa. Mtandao wa kule unakata, basi aweke maagizo benki mapema au akabidhi kadi.
- Nauli ya boti ya kuja na kurudi inawekwa pembeni. Nimeona wanaume wanakaa Dar siku tatu bila kazi kwa kukosa nauli, na kuona haya kusema.
- Usiingie upatu kwa kutegemea fedha ya safari. Ingia kwa kile ulicho nacho hakika.

"Lakini wangu hana mshahara, analipwa kwa tripu." Basi hesabuni kwa mwezi mbaya. Kama mwezi mzuri anapiga tripu mbili na mbaya moja, ishini kwa moja, ya pili iende akiba. Miezi ya mvua na ya matengenezo ya gari itakuja tu.

"Nikimwachia kadi ataimaliza." Hili husema madereva, na hulisema kwa sauti kubwa. Kaka yangu, umemwachia watoto wanne, mama yako mzazi na nyumba. Kadi ndiyo umeiona nzito?

Mkataba na sheria ya ng'ambo

Watu wengi wa kwetu hawajui kwamba dereva aliyeajiriwa Dar yuko chini ya sheria ya kazi ya Tanzania Bara, siyo ya Zanzibar. Mfuko wake wa hifadhi ya jamii ni NSSF, siyo ZSSF ambao tumeuzoea huku. Kabla ya safari ya kwanza hakikisheni haya:

- Mkataba upo kwa maandishi, na nakala yake iko Unguja.
- Michango ya NSSF inapelekwa kweli. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Mwambie aangalie salio kwa simu kila baada ya miezi michache. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara hakumaanishi fedha imefika.
- Mwajiri amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfanyakazi akiumia kazini, mfuko huu ndio unaomlipa. Akifariki kazini, wategemezi wake wana haki humo, na kuishi ng'ambo ya bahari hakuwaondolei haki hiyo.
- Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mke akijifungua, baba ana siku tatu. Ndiyo, tatu, na mbili kati ya hizo zinaweza kwisha Tunduma akitafuta wa kumwachia gari. Ombeni likizo ya mwaka iangukie miezi ya kujifungua.

Akifukuzwa kazi kwa dhuluma, ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona mtu akirudi Unguja, akakaa barazani miezi miwili akisimulia alivyoonewa, kisha ndipo anauliza pa kwenda.

Mkoba wa karatasi

Tafuteni mkoba mmoja, wa plastiki wa kufunga, na uwe pahala ambapo hata mtoto mkubwa anapajua. Ndani yake:

- nakala za pasipoti, leseni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano;
- namba ya NSSF na nakala ya mkataba;
- namba ya kichwa cha lori na ya tela, zote mbili, maana si moja;
- simu ya tajiri, ya msimamizi wa yadi, ya utingo kama yupo, na ya dereva mwenzake mmoja wa njia ile ile.

Hiyo ya dereva mwenzake ndiyo yenye thamani kuliko zote. Ofisi inafungwa jioni na tajiri hapokei, lakini madereva wanapishana barabarani usiku kucha na kila mmoja anajua gari ya nani imesimama wapi.

Na hili ni onyo. Ajali ikitokea Kitonga, picha zinafika kwenye simu za Michenzani kabla polisi hawajafika. Usiifungue. Usimwonyeshe mkwe wako. Angalia namba ya gari kwenye mkoba, mpigie dereva mwenzake, kisha msimamizi. Mimi nililizwa mara moja na picha ya lori jekundu lililolala ubavu. Nililia mpaka jirani akaanza kupanga mikeka. Bwana alikuwa Makambako anakula wali maharage.

Ruhusa kabla ya kuondoka

Hili hata madereva hawalifikirii. Kwetu mke hatoki safari bila mumewe kujua, na wengi wetu tunaipenda adabu hiyo. Lakini mume yuko nyikani Zambia, simu haishiki, na shangazi amefariki Makunduchi. Unafanyaje? Ukienda, kuna wa kukusema. Usipokwenda, pia kuna wa kukusema.

Basi aache ruhusa ya jumla, na aiseme mbele ya mamaake na mtu mzima mmoja wa kwenu: misiba yote, hospitali, mikutano ya skuli, kwa wazazi. Isemwe pia nani anasaini karatasi za skuli, nani anaamua mtoto akihitaji kupasuliwa, na nani analala nyumbani ukiumwa. Dakika kumi za mazungumzo. Zinakata vinywa vya mwaka mzima.

Akirudi

Mnaniuliza sana kuhusu kuondoka. Kuondoka ni kwepesi. Vita viko kwenye kurudi.

Mwanamme amekaa wiki tano peke yake ndani ya kichwa cha gari. Kila kitu kimo mkononi mwake: redio, dirisha, saa ya kula. Anashuka Malindi, anaingia kwenye nyumba ambayo imejifunza kuendeshwa bila yeye. Chungu kimehamishwa. Mtoto wa kiume amekatwa nywele kwa mtindo asioujua. Muuza maji anamsalimia mke kwa jina. Ana siku tatu. Siku ya kwanza analala, ya pili anatengeneza kila kitu kwa nguvu, anagombana na muuza maji, anahamisha mtungi wa gesi, anamchapa mtoto kwa kosa la mwezi uliopita aliloambiwa na bibi yake. Ya tatu anaondoka, na nyumba inabaki na vumbi lake.

Wangu alifanya hivyo miaka minne. Na usiku halali. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta nene, kimya chake ni cha kaburi. Alizoea injini inayonguruma. Saa tisa anaamka, anatoka, anapita vichochoro mpaka Jaws Corner, anakaa peke yake kwenye baraza tupu kungoja alfajiri. Nilidhani ana mwanamke. Alikuwa anatafuta kelele. Tuliwasha feni kuukuu ya mezani, ile yenye kukwaruza, akalala.

Yaliyotusaidia, kwa mpangilio wa umuhimu wake:

- Saa 24 za kwanza hakuna kesi. Hakuna madeni, hakuna malalamiko ya mtoto, hakuna habari za wifi. Aoge, ale, alale. Mpikie alichokikosa, na mara nyingi si nyama, nyama amekula njiani mpaka kachoka. Ni mchuzi wa papa au mkate wa kumimina.
- Siku ya pili, asubuhi, kikao kimoja. Wewe unasema yako yote, yeye yake yote. Andika kabla, usitegemee kumbukumbu. Kikao kikiisha, kimeisha.
- Sheria ya nyumba ni ya aliyebaki. Dereva, akitaka kubadili jambo, aliseme kwenye kikao, hahamishi mtungi wa gesi. Hili lilimuuma bwana wangu kuliko yote. Alisema amefanywa mgeni. Nikamjibu, lori lako nikipanda mimi nikahamisha vioo utaniachia? Akanyamaza siku nzima, kisha akacheka.
- Adhabu za zamani haziachwi kwa baba. Ukimtishia mtoto "ngoja baba'ako aje", umemfanya baba kuwa fimbo inayokuja kwa boti.

Marafiki wa barazani nao wana haki yao, lakini usimwachie siku ya kwanza nzima. Kahawa ya saa moja, arudi.

Watoto

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitatu baba yake aliporudi safari moja ndefu. Baba amekaa kwenye mkeka, mtoto kachora kitu, badala ya kumpa akakimbilia simu yangu, akaielekeza ile karatasi kwenye kioo. Baba yake kwake alikuwa anaishi mle ndani. Hatukumcheka. Bwana aliichukua ile simu, akaiweka uso chini, akasema, "Nimetoka."

Tangu hapo tuliacha simu za kila usiku za "umekula, umelala, haya kwa heri". Badala yake anatuma ujumbe wa sauti mmoja wenye kitu ndani: tembo aliyemkuta Mikumi, jina la mto, mtu aliyeuza asali Iringa. Watoto wanausikiliza mara kumi. Nao wanatuma wa kwao, akifika penye mtandao anaukuta. Kwa mtu wa barabarani ni salama pia. Simu ya moja kwa moja akiwa anashuka Kitonga ni hatari kwake na kwa wengine. Mkiipiga na mkasikia injini, kateni.

Sikukuu atazikosa nyingi. Mtoto hataki kusikia habari za mpaka, anataka kwenda Mnazi Mmoja sikukuu mosi na nguo mpya. Mpangieni mjomba mmoja, yule yule kila mwaka.

Mnaloniuliza kwa kunong'ona

Nalisema kwa sauti. Iringa, Njombe na Mbeya ni mikoa inayoongoza kwa maambukizi ya virusi vya Ukimwi Tanzania, na barabara ya Tunduma inapita humo humo. Huku Zanzibar kiwango ni kidogo sana, na ndicho kinachotufanya tujione tuko mbali nayo. Hatuko. Pimeni, wote wawili, siku moja, kila baada ya miezi michache, muiweke kama kupima presha. Mkienda pamoja hakuna mshtakiwa. Akikataa kabisa, mke ana haki ya kujilinda na ya kupata ushauri kituo cha afya peke yake.

Kupekua simu yake usiku hakutakupa usingizi. Usipokuta kitu utasema amefuta. Ukiwa na shaka, uliza kwenye kikao cha siku ya pili, mchana, kwa maneno machache.

Na kama ameoa Makambako? Dini inamruhusu mke wa pili, lakini ndoa ya siri huja kujulikana siku ya mirathi, mbele ya mikeka ya msiba. Madereva, mkiona hilo ni zito kulisema mkiwa hai, fikirini litakavyosemwa nanyi hampo.

Akinyamaza kabisa

Kuna tofauti ya kukosa mtandao na kukimbia. Ukipita mwezi bila neno wala fedha, na dereva mwenzake anasema amemwona mzima, fuata ngazi: wazee wa pande mbili, kisha sheha, kisha Mahakama ya Kadhi kudai matumizi. Usifute ujumbe hata mmoja wa fedha alizotuma. Tarehe na kiasi ndivyo vitakavyozungumza kule, machozi yana nafasi ndogo. Na usikae mwaka kwa kuona haya.

Maswali madogo

*Anatafuna mirungi akeshe. Nifanye nini?* Mirungi ni haramu kisheria kwetu na Bara. Mwambie hivyo, lakini muulize pia nani anampangia ratiba isiyo na usingizi. Hapo kuna jambo la kuzungumza na msimamizi.

*Kiuno na presha?* Kila akirudi, apimwe kabla ya siku ya kuondoka. Siku ya kuondoka hakuna dereva anayekubali kuwa mgonjwa.

*Nimsindikize bandarini?* Mimi siku za mwanzo nilikwenda, na watoto, tukasimama Malindi mpaka boti ipotee, kisha nikarudi na watoto watatu wanaolia kwenye jua. Baadaye tukaagana mlangoni. Yeye alishika njia ya Malindi na begi lake, mimi nikaenda Darajani kabla samaki hawajaisha, watoto skuli. Saa mbili na ushei baadaye simu inaita: kafika Dar, yuko hatua ya kwanza.